Garland Hakutaka Kufa: Tafakari kwa Aliyechoka Kuungama Dhambi Ileile



Sisi wa Tunduma tuna kitu ambacho vijana wa Dodoma au Mwanza hawana: tunaweza kurudi nyuma saa nzima kwa miguu. Upande wetu ikiwa saa nne asubuhi, ukivuka mpaka ukaingia Nakonde, Zambia, hatua chache tu, unakuta ni saa tatu. Majirani zetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Na wakati mwingine huhitaji hata kuvuka. Simu ikishika mtandao wa upande wa pili, saa inajirudisha yenyewe. Ndiyo maana kwetu kila aliyechelewa Misa ana utetezi tayari: "Simu yangu ilikuwa inasoma saa ya Zambia."

Tunacheka. Lakini Jumapili moja mwaka jana, baada ya Misa ya kwanza, nilisimama jirani na mpaka, malori yamepanga foleni kama kawaida, nikaitazama simu yangu ikitoka saa tatu na kurudi saa mbili. Nikatamani isiishie hapo. Irudi siku moja. Irudi miezi minne. Irudi mpaka ile Jumamosi kabla sijagusa hela za watu.

Leo nataka tuongee juu ya dhambi inayojirudia, ile ambayo umeiungama mpaka unaona aibu kumtazama padre. Nitapita njia ambayo wengine mtaishangaa kidogo: gemu la zamani. Nivumilieni, tutafika.

Gemu lenyewe

Final Fantasy ya kwanza kabisa ilitoka Japani tarehe 18 Desemba 1987. Ilitengenezwa na kampuni ya Square, kazi ikiongozwa na Hironobu Sakaguchi, kwa ajili ya mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Wengi wetu tunaosoma hapa hatukuwa tumezaliwa. Ni gemu la kuigiza uhusika: hupigi mpira wala huendeshi gari, bali unaongoza mashujaa wanne wanaozunguka dunia, wanaongea na watu mijini, wanapigana, wanachoka, wanalala nyumba ya wageni, kesho wanaendelea.

Mara ya kwanza nililicheza nikiwa kidato cha pili, kwenye kompyuta ya binamu yangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, hadithi ikanipita, nikaishia katikati. Baadaye, Julai 2021, likatoka toleo jipya la simu. Mwaka jana nililirudia. Sababu yenyewe si ya kujivunia: nilikuwa nimefuta programu ya kubeti kwa mara ya sijui ngapi, na vidole vilikuwa vinatafuta cha kufanya.

Kabla wazazi hawajauliza: ndiyo, lina mazimwi na majina ya kutisha. Silileti hapa kama katekisimu. Nalileta kwa sababu lilinionesha kitu juu yangu mwenyewe, na Bwana Yesu alifundisha hata kwa mfano wa wakili mdanganyifu.

Hadithi inaanza hivi. Kuna ufalme unaitwa Cornelia. Askari hodari wa mfalme, jina lake Garland, amegeuka. Amemteka binti mfalme, Sarah, na kumpeleka kwenye hekalu bovu lililoachwa. Mashujaa wako wanne wanakwenda, wanapigana naye, wanamshinda. Rahisi kabisa! Ndani ya saa moja ya kucheza umeshamuua. Binti anarudi nyumbani, mfalme anafurahi, anawajengea daraja lililokuwa limevunjika ili waweze kuendelea na safari. Unavuka daraja, na Garland unamsahau.

Baada ya hapo unasafiri sana. Kuna mazimwi manne yaliyoharibu dunia: moja linaozesha ardhi, moja la moto, moja la maji, moja la upepo. Unayashinda moja baada ya jingine, na fuwele nne wanazobeba mashujaa zinarudisha nuru yake. Unadhani umemaliza. Kumbe inabidi urudi kwenye lile hekalu bovu la mwanzo, na kutoka pale urudi nyuma miaka 2000.

Unajua nani anakusubiri huko? Garland. Yule uliyemuua saa ya kwanza.

Alipokuwa anakaribia kufa, yale mazimwi manne yalimrudisha nyuma miaka 2000. Naye akiwa huko nyuma akayatuma mazimwi hayohayo yaje mbele, kwenye wakati wetu. Yakifika huku, yanamrudisha tena kule. Akifika kule, anayatuma tena huku. Mzunguko umefungwa. Hauna mwanzo wala mwisho, na ndani yake Garland hafi. Hilo ndilo alilotaka tangu mwanzo: asife.

Nilipofika pale niliweka simu chini. Ilikuwa kama saa sita usiku. Nilikuwa nimeelewa mambo mawili ambayo nilikuwa nayakwepa.

La kwanza: ule ushindi wangu wa mwanzo, uliokuwa mwepesi, ulikuwa sehemu ya mzunguko. Kumwangusha Garland pale hekaluni hakukumaliza kitu. Ndiko kulikomsukuma arudishwe nyuma.

La pili: mzunguko haukuwa unalindwa na nguvu za Garland. Ulikuwa unalindwa na woga wake.

Mzunguko wangu

Sasa niseme langu, maana si haki kumsema Garland peke yake.

Nafanya kazi ndogo kwenye ofisi ya wakala wa forodha, kukimbiza makaratasi ya malori. Nilikuwa pia mweka hazina wa vijana kigangoni kwetu. Tulikuwa tunachanga kwa ajili ya hija. Vijana thelathini na wawili, kila mmoja elfu kumi, jumla 320,000. Kikundi hakikuwa na akaunti, hela zikakaa kwenye simu yangu.

Jumamosi moja mechi za Uingereza zinaendelea, nikachukua 20,000. Si kuiba, nilijiambia. Ni kukopa, Jumatatu zinarudi. Mkeka ukachanika kwa timu moja tu. Aisee, timu moja! Ili nirudishe ile 20,000 nikachukua 30,000. Unajua ilivyoendelea. Baada ya miezi minne nilikuwa nimekula 260,000, na kwenye simu imebaki 60,000.

Mtu akiniuliza kwa nini nabeti, jibu lilikuwa: kwa sababu nina deni. Na kwa nini nina deni? Kwa sababu nabeti. Garland anayatuma mazimwi, mazimwi yanamrudisha Garland.

Na katikati ya mzunguko huo nilikuwa naungama! Sikuwa nimeacha Kanisa. Kila baada ya wiki tatu au nne nilikuwa kwenye kiti cha kitubio: "Baba, nimecheza kamari." Naondoka nimepata nafuu, nafuta programu, nakaa siku tisa au kumi, narudi. Ile kufuta programu ndiyo ilikuwa ushindi wangu wa saa ya kwanza. Nilikuwa namuua Garland mlangoni na kuvuka daraja nikiimba.

Angalieni nilivyokuwa nasema: "nimecheza kamari." Sikusema hela zilikuwa za nani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1865, inafundisha kwamba dhambi inaleta mwelekeo wa kutenda dhambi; ukirudia matendo yaleyale, yanazaa kilema, dhamiri inatiwa ukungu na uamuzi wa mema na mabaya unaharibika. Na juu ya michezo ya kubahatisha, namba 2413 haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Inasema haukubaliki unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na ya wengine, na kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumfanya mtu mtumwa. Mimi nilikuwa nimeshavuka mistari yote miwili, na bado nilikuwa najiita mtu mwenye tatizo dogo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliujua mnyororo huu kabla yetu. Katika Maungamo yake anaeleza jinsi utashi uliopotoka unavyozaa tamaa, tamaa ikitumikiwa inazaa mazoea, na mazoea yasipopingwa yanakuwa lazima. Pingu ndani ya pingu. Na anakiri kwamba kwa muda mrefu jibu lake kwa Mungu lilikuwa moja: kesho. Mtu mwenye akili kama ile, mwalimu wa ufasaha Milano, anasema kesho kama mimi na Jumatatu yangu.

Wataka kupona?

Fungua Injili ya Yohane, sura ya 5. Yerusalemu, kwenye bwawa la Bethzatha, kuna mtu amekuwa mgonjwa miaka thelathini na minane. Yesu anamwona amelala pale, anajua amekaa hali hiyo muda mrefu, anamuuliza swali ambalo linaonekana la ajabu: wataka kupona?

Sikilizeni anavyojibu. Hasemi ndiyo. Anaeleza kwa nini haiwezekani. Hana mtu wa kumtia bwawani. Kila akijaribu, mwingine anamtangulia. Amefika, amechelewa, amerudi mkekani. Amefika, amechelewa, amerudi mkekani. Miaka thelathini na minane! Mzunguko umemzoea mpaka hata akiulizwa na Mwenye uzima mwenyewe, anachokumbuka ni maelezo.

Nami nilikuwa na maelezo. Mshahara mdogo. Marafiki wote wanabeti. Nikishinda mara moja tu nitarudisha zote na hakuna atakayejua.

"Hakuna atakayejua." Hapo ndipo palikuwa na shina. Kubeti kulikuwa majani tu. Shina lilikuwa ile siri, na siri ilikuwa inalinda kitu kimoja: jina langu. Yule kijana anayesoma somo la pili Jumapili, anayeaminiwa na akina mama wa jumuiya, anayeshika hela za wenzake. Huyo sikutaka afe. Ningefuta programu mara mia, ningefunga siku arobaini, ilimradi huyo abaki hai. Garland mtupu.

Bwana wetu alisema wazi, kwenye sura ya 12 ya Injili hiyohiyo: punje ya ngano isipoanguka ardhini na kufa, inabaki peke yake. Sisi tunaotoka mkoa wa wakulima, kutoka Mbozi kwenye kahawa mpaka Momba kwenye mpunga, hatuhitaji profesa kutuelezea hilo. Punje inayokataa kufa itaishia kuliwa na fukusi ghalani.

Safari ya miaka 2000

Katika gemu, mzunguko hauvunjwi kwa kumpiga Garland kwa nguvu zaidi huku mbele. Mashujaa wanaingia wenyewe ndani yake. Wanarudi miaka 2000 hadi mahali unapofungwa, na pale wanakabiliana na Garland aliyegeuka kuwa Chaos, zimwi kuu. Wakimshinda huko, mzunguko wote unakatika.

Vijana wenzangu, sidhani kama waliotunga hadithi hiyo walikuwa wanawaza tunachoamini sisi. Lakini nilipoona ile namba sikuweza kuacha kutabasamu. Miaka kama 2000 iliyopita, nje ya mji wa Yerusalemu, kuna Mtu aliingia ndani kabisa ya mzunguko wetu wa dhambi na kifo. Na namna aliyouvunja ni kinyume cha Garland. Garland alikataa kufa, akawafunga wote. Yesu alikubali kufa, akawafungua wote.

Soma Waebrania sura ya 9, kuanzia mstari wa 24. Mwandishi anawakumbusha kuhani mkuu wa zamani aliyekuwa akiingia Patakatifu kila mwaka na damu isiyo yake, mwaka hadi mwaka. Kristo hakufanya hivyo. Alijitoa mara moja tu. Augustino huyohuyo, katika kitabu cha 12 cha Mji wa Mungu, alikuwa anawajibu wanafalsafa waliosema kwamba nyakati zinazunguka na mambo yote yatarudi yalivyokuwa, tena na tena bila mwisho. Jibu lake linasimama juu ya nguzo hiyohiyo: Kristo alikufa mara moja kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka, hafi tena. Historia si gurudumu. Ina njia, na njia ina mwisho.

Basi Misa je? Mbona tunairudia kila siku? Hapana, haturudii kifo cha Bwana. Katekisimu, namba 1085, inafundisha kwamba matukio mengine yote ya historia yanatokea mara moja kisha yanapita na kumezwa na wakati uliopita, ila Fumbo la Pasaka haliwezi kubaki nyuma tu, kwa sababu kwa kifo chake Kristo aliharibu kifo, na alivyo na alivyotenda vinashiriki umilele wa Mungu. Kwa hiyo unapoingia kanisani, hata kile kigango chetu cha mabati, unafikishwa pale ambapo mzunguko ulikatwa.

Mkesha wa Pasaka, padre anachora msalaba juu ya mshumaa, anaandika Alfa na Omega, kisha tarakimu za mwaka ule. Anatangaza kwamba nyakati zote ni za Kristo. Nyakati zote, ndugu yangu, pamoja na zile Jumamosi zangu.

Kilichotokea

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Baba Paroko kuungama. Nikaanza kama kawaida: nimecheza kamari. Kisha nikanyamaza. Nikasema: "Baba, hela hazikuwa zangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Aliniuliza maswali mawili matatu, kiasi gani, za akina nani. Akanikumbusha kwamba ondoleo linaiondoa dhambi, lakini si kila uharibifu uliosababishwa na dhambi unajitengeneza wenyewe. Aliyechukua cha mtu lazima arudishe. Kurudisha ni lazima, akasema, namna ya kurudisha nitaitafuta kwa busara, ila nisiendelee kukaa na hela za wenzangu hata siku moja. Akaniondolea dhambi. Nakumbuka nililia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi minne ninaondoka pale bila kubakiza kitu mfukoni.

Hapa kuna tofauti na magemu. Kwenye gemu ukiharibu, unafungua pale ulipohifadhi, unarudi kabla ya kosa, kana kwamba halikutokea. Kitubio hakikurudishi kabla ya kosa. Kinakuacha palepale ulipo, na deni lako, lakini ukiwa mwana nyumbani. Zakayo katika Luka 19 hakurudishwa utotoni. Alibaki mtoza ushuru mfupi, watu wakimjua kwa majina mabaya, ila Bwana alikuwa ndani ya nyumba yake, na mikono yake ikaanza kurudisha mara nne.

Jumapili nilimwomba mwenyekiti wetu aitishe kikao. Nilisimama mbele ya vijana wenzangu nikasema yote, kiasi chote. Sitawadanganya kwamba walinikumbatia. Kulikuwa kimya, halafu kukawa kelele. Kuna aliyetoka nje. Hija ikasogezwa miezi miwili mbele.

Lakini aliyenivunja ni dada mmoja anayeuza vitumbua. Elfu kumi yake aliileta kwa awamu nne, nyingine kwa sarafu. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, mimi sijakasirikia elfu kumi. Nimekasirika kwa sababu kila Jumapili nilikuwa nakuuliza, unaniambia ipo."

Hapo ndipo yule kijana mwenye jina zuri alipokufa. Na ninawaambia ukweli mbele ya Mungu, nilipofika nyumbani jioni ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mzunguko uanze.

Siku hizi mimi si mweka hazina. Nilikabidhi ile 60,000 siku ileile, na kila mwisho wa mwezi napeleka 30,000. Nimeshalipa miezi mitano. Imebaki 110,000. Simu yangu ya mshahara nimemwachia mama namba ya siri. Nami niseme pia: niliteleza mara moja, mwezi wa pili, nikabeti 2,000 yangu mwenyewe. Nilirudi kuungama kesho yake. Na safari hii nilimwambia mwenyekiti kabla hajaniuliza.

Kwako unayerudia ileile

Labda yako si kubeti. Labda ni picha unazofungua usiku, labda ni pombe, labda ni mtu ambaye kila ukiapa kumwacha unajikuta mlangoni kwake, labda ni chuki na ndugu yako wa tumbo moja. Usinisikie vibaya. Sisemi kwamba ukiungama dhambi ileile mara ya kumi wewe ni mnafiki. Hapana! Baba Mtakatifu Fransisko, siku chache tu baada ya kuchaguliwa Machi 2013, alisema Mungu hachoki kusamehe, sisi ndio tunaochoka kuomba msamaha. Usichoke. Rudi hata mara ya mia.

Ila ukirudi, jiulize swali moja: je, ninamuua Garland mlangoni tu, au nakwenda mahali mzunguko unapofungwa? Ni kitu gani ninachokilinda kisife? Ni sentensi gani ambayo huwa naiacha nikiungama?

Mzunguko si mbaya kwa asili yake. Mwaka wa Kanisa unazunguka, kahawa inachanua na kuiva kila mwaka, na Rozari mkononi mwako nayo ni mzunguko. Lakini itazame vizuri: mlango wa kuingia kwenye Rozari ni msalaba. Unaanza pale kwenye msalaba, na ukimaliza mizunguko yako unaukuta msalaba ulipouacha.

Jambo la mwisho kuhusu gemu. Mashujaa wanarudi kwenye wakati wao, dunia imepona, na kwa sababu mzunguko umefutika, hakuna anayejua walichofanya. Yamebaki masimulizi tu. Zamani ningeona huo ni mwisho wa kusikitisha. Sasa naona ndivyo ilivyo. Aibu yangu watu wanaijua, lakini Jumamosi ninayopita mbele ya kibanda cha kubeti nikaendelea kutembea, nani anaiona? Hakuna anayepiga makofi. Bwana anatuambia katika Mathayo 6 kwamba Baba anaona sirini. Inatosha.

Wiki hii nakuomba mambo matatu. Moja, kaa dakika kumi kimya usome Yohane 5:1-15, na ujibu lile swali bila maelezo: wataka kupona? Mbili, andika ile sentensi unayoiacha, kisha uende nayo kwenye kitubio. Tatu, kama kuna cha mtu mikononi mwako, anza kurudisha, hata kwa elfu mbili.

Tusali. Bwana Yesu, wewe uliyekufa mara moja na hufi tena, ingia kwenye mizunguko yetu. Utupe ujasiri wa kusema sentensi tunayoificha. Kiue ndani yetu kile tunachokilinda kuliko wewe, na utufufue pamoja nawe. Bikira Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee. Mtakatifu Augustino, utuombee. Amina.

Bado napita pale mpakani karibu kila siku, na simu bado inarudi nyuma saa moja pasipo kuniuliza. Siku hizi naiacha tu, naendelea na kazi.